Barua kwa Watu wa Redio

Alhamisi, 2 Januari 1975

Daftari hili nilipewa na Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima niandike mahudhurio. Alinipa mawili, na wanafunzi wangu ni kumi na wanne tu, kwa hiyo hili la pili nimelipora. Nitaandika humu mambo yangu mpaka mavuno, au mpaka Shangazi Felista alione.

Mimi ni Marietha, nina miaka ishirini na moja, na nafundisha kusoma na kuandika kila Jumatatu na Alhamisi saa kumi alasiri, ndani ya ghala la kijiji, katikati ya magunia. Ningependa kuandika kwamba wanafunzi wangu wanapenda elimu. Wanapenda redio. Mwenyekiti wetu, Ndugu Ezekieli, ndiye mwenye redio inayosikika vizuri hapa kijijini. Kila Alhamisi somo likiisha huileta ghalani, anaiweka juu ya gunia la uwele, tunasikiliza mchezo wa Zakaria. Asiyehudhuria somo hasikilizi mchezo. Sheria hiyo niliiweka mimi, na ndiyo siri ya mahudhurio ambayo Ofisa ameyasifu sana.

Zakaria ni kijana aliyeondoka kwao kwenda kukata mkonge, akamwacha mama yake na mchumba aitwaye Tausi. Leo nyapara Kombo alikuwa amemsingizia wizi. Zakaria yuko stesheni na kifurushi chake, garimoshi linapiga honi, mkata tiketi anamuuliza, "Kijana, unakwenda wapi?" Zakaria akavuta pumzi. Redio ikakoroma, ikanyamaza. Mawe yake, zile betri, yamekwisha.

Mzee Gasto aliipiga kofi, akaambiwa ataivunja. Tulikaa tukiitazama kwa muda mrefu kana kwamba itaona haya na kuendelea.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua kubwa. Mawe ya redio yameanikwa juu ya bati la duka tangu Ijumaa ili yapate nguvu kidogo, lakini jua lenyewe halipo. Dukani hakuna mengine. Sepuka hakuna. Wanasema hata Singida mjini hakuna.

Alhamisi, 9 Januari

Wanafunzi watatu. Mmoja wao alikuwa anajikinga mvua.

Jumamosi, 11 Januari

Tumepalilia shamba la ujamaa tangu asubuhi. Mstari mzima wanawake walikuwa wanabishana kwa Kinyaturu juu ya Zakaria, alimjibu nini mkata tiketi. Stumai anasema lazima alirudi kwa Tausi. Stumai ameolewa mwaka jana, na kwake kila kitu ni harusi. Mimi nilikuwa nimeinama na jembe langu, mara nikamsikia Zakaria akijibu. Nilimsikia kabisa, kwa ile sauti yake ya mafua. Alisema, "Nipe tiketi ya garimoshi lolote linaloondoka kwanza."

Nimerudi nyumbani nikaandika kurasa sita kwenye daftari langu la zamani la shule kabla ya kunawa miguu. Shangazi ameuliza kama naandika barua ya mapenzi. Nimesema ni mahudhurio.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimesema uongo, na nauandika hapa ili angalau pawe na mahali nilipousema ukweli.

Nilikusudia kuwaambia: jamani, nimejaribu kuendeleza mchezo, sikilizeni muone. Lakini nilipoinua daftari nilimwona Mzee Gasto ananitazama kwa jicho moja, lile la kupimia watu, na nikajua atakachosema. Mtoto wa juzi huyu, Zakaria anamjulia wapi? Basi nikasema kwamba watu wa redio wamesikia shida ya mawe huku vijijini, kwa hiyo wananiletea mchezo kwa maandishi, kwa lori la ushirika, maneno yaleyale yanayotangazwa.

Niliwasomea wanne waliokuja. Walipotoka walikuwa wanatembea haraka, kila mtu akitaka kufika wa kwanza nyumbani kusimulia. Sijawahi kufurahi vile tangu nimalize darasa la saba.

Alhamisi, 16 Januari

Kumi na wanne, na watu sita nje ya dirisha.

Jumatatu, 27 Januari

Nimepata ujanja mwingine, na huu naona ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Nimewaambia kwamba watu wa redio wanataka maoni ya wasikilizaji. Mwenye lolote la kuwaambia aandike kwa mkono wake mwenyewe, anipe, nami nitapeleka kwa lori. Asiyejua kuandika herufi fulani aniulize.

Hawajawahi kuniuliza herufi nyingi kiasi hiki. Watu ambao tangu Septemba walikuwa wamekwama kwenye jina la kijiji leo walitaka kujua namna ya kuandika "upumbavu".

Alhamisi, 30 Januari

Barua tisa. Nimezisoma zote nikiwa nimekaa juu ya kinu huku Shangazi akitwanga kwa jirani.

Mzee Gasto, ambaye ujanani alikwenda manamba huko Tanga miaka kumi na moja, ameandika ukurasa mzima: "Watu wa Redio. Mkonge haukatwi hivyo. Unaanza majani ya chini. Jani la katikati ukilikata umeua mmea. Na miba ya ncha mnaikata kwanza, hamkusema. Mimi ni Gasto."

Stumai ameandika: "Mbona Tausi halii tena? Wiki hii hakuonekana. Anaumwa?"

Mwenyekiti Ezekieli, ambaye anajua kusoma tangu ukoloni na huja ghalani kwa sababu ya redio tu, naye ameandika. Anashauri Zakaria ajiunge na kijiji cha ujamaa na achaguliwe katibu.

Na Mama Simoni. Huyu kwenye daftari la mahudhurio ni Dorika, mama mtu mzima, mkimya, hukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Ameandika maneno manne, yakipanda kama mtu anayepanda mlima: "Zakaria arudi nyumbani kwao."

Zote nimeziweka kwenye boksi la biskuti chini ya kitanda. Dar es Salaam yao iko hapo.

Jumapili, 9 Februari

Hii kazi si mchezo. Nikimpa Tausi ukurasa mmoja alie, Mzee Gasto anaandika kwamba wanawake wamejaa mno redioni. Nikimpeleka Zakaria shambani, nakata majani ya chini kwanza, naondoa miba, na bado Gasto anaandika: "Afadhali. Lakini kamba ya kufungia mmeisahau." Stumai anataka busu, halafu mume wake amenitumia karatasi kwamba redio ya taifa isiwe na mambo ya kihuni.

Mama Simoni ameleta karatasi yake. "Zakaria arudi nyumbani kwao." Yaleyale.

Mvua imechelewa siku tano, mtama umeanza kujikunja. Watu wanatazama mbinguni, halafu wananitazama mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Barua ya Stumai imeniliza, na nimekasirika kwamba imeniliza. Nainakili: "Watu wa Redio. Mwandishi wenu wa mwanzo alikuwa mzuri. Huyu wa sasa hajawahi kupendwa na mtu. Inaonekana. Mbadilisheni."

Nimemfundisha mwenyewe kuandika neno "inaonekana".

Ijumaa, 14 Februari

Mvua imenyesha. Sikuandika kitu. Zakaria akae hukohuko.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwandika Tausi upya, taratibu, kama mtu niliyemjua na siyo mtu wa kulialia. Stumai alisikiliza hadi mwisho. Barua yake ilikuwa neno moja: "Asante." Alisema kweli tangu mwanzo, yule mtukutu.

Mama Simoni: "Zakaria arudi nyumbani kwao." Nimemwambia kwa upole, "Mama, watu wa redio wameshasoma hiyo. Andika kitu kingine, upate mazoezi." Akasema, "Ndiyo mwalimu." Nadhani hana ladha ya hadithi. Zakaria akirudi tu, mchezo umekwisha, nitasoma nini Jumatatu?

Alhamisi, 27 Februari

Mama Simoni ameandika kitu kingine. Ameandika kurasa mbili. Naziweka hapa neno kwa neno.

"Watu wa Redio, salamu. Mimi ni Dorika. Mwalimu amesema niandike kingine. Zakaria arudi kwao lakini museme na njia. Museme nyumba ya zamani ya mama yake haipo. Tembe ilivunjwa mwaka jana watu walipohamia kijijini. Akienda kule atakuta majani. Museme ashuke Sepuka, afuate barabara ya ng'ombe, apite lambo, aingie kijijini. Nyumba ya mama yake ni mstari wa tatu. Ni ya nne kutoka ghala. Mlango unatazama mlima. Museme mara mbili. Nashukuru."

Nilicheka kidogo niliposoma. Nilifikiri, maskini, amechanganya kijiji chetu na cha Zakaria. Mstari wa tatu, ya nne kutoka ghala, ni nyumba yake yeye. Nikamsomea Shangazi ili naye acheke.

Shangazi hakucheka. Aliacha kuchagua mboga, akaniuliza kama namjua Simoni. Nikasema simjui, najua jina tu, sisi tumekuja kijijini hapa mwaka jana kutoka upande wa Mwankoko. Akanieleza. Simoni ni mtoto wa pekee wa Dorika. Alikwenda mkonge mwaka wa sitini na tisa. Alikuwa anaandika kila mavuno, padre anamsomea mama yake. Tangu mwaka wa sabini na mbili hajaandika. Na sasa hata akitaka kurudi atafika kule kwenye tembe ya zamani, atakuta majani, atadhani mama yake amekufa.

"Na huko mkongeni," Shangazi akasema, "kila kambi ina redio. Wote wanasikiliza huo mchezo wenu."

Nimekaa na hiyo barua mapajani hadi uji ukapoa. Yeye hajachanganya kitu chochote. Mimi ndiye niliyechanganya. Wiki tano alikuwa anaandika maneno yale manne apate kumfikia mwanawe kupitia kwa Zakaria, na mimi nikamwambia hana mazoezi.

Najua ninachotakiwa kufanya. Natakiwa kusimama Jumatatu na kusema hakuna mtu wa redio, ni mimi, na nje ya ghala hili hakuna anayesikia. Nimejaribu kuyasema hapa chumbani peke yangu. Yanakwama.

Jumatatu, 3 Machi

Sikusema. Nilisema nina mafua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemrudisha Zakaria. Ameshuka, amefuata barabara ya ng'ombe, amepita lambo, mstari wa tatu, nyumba ya nne. Nimesema mara mbili. Nilimfanya mama yake apige kelele, aanguke chini, alie mpaka majirani wakamwinua, kwa sababu niliona ndivyo inavyostahili. Stumai alilia. Mwenyekiti alijipangusa uso akasingizia vumbi la magunia.

Mama Simoni hakulia. Watu walipotoka alibaki mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu, na Tanga wamesikia leo?"

Nikasema, "Wamesikia, Mama."

Jumapili, 9 Machi

Mama Simoni amekandika chumba cha pili kwa udongo mpya. Nimemwona nikitoka kanisani. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko na alikuwa anaimba.

Alhamisi, 13 Machi

Barua yake: "Watu wa Redio, nashukuru sana. Lakini mama hawezi kuanguka hivyo. Mtu ametoka safari. Rekebisheni."

Nimeshindwa kuirekebisha. Kila nikishika kalamu namwona anakandika.

Jumatano, 19 Machi

Lori la ushirika linapita Jumatano. Mama Simoni alikuwa barabarani tangu asubuhi, amevaa kanga mpya. Lori likapita.

Jumatano, 26 Machi

Vilevile.

Jumatatu, 31 Machi

Jana ilikuwa Pasaka. Mama Simoni alichinja kuku, akaweka mapaja mawili pembeni, yakakaa mpaka leo asubuhi. Shangazi ndiye aliyeniambia. Alisema, "Sijui nani amemwambia huyu mama kwamba mtoto anakuja." Nikatoka nje nikaenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema.

Niliingia ghalani na boksi la biskuti, nikaliweka juu ya gunia pale redio ilipokuwa inakaa, nikalifungua. Niliwaambia hakuna watu wa redio. Hakuna kilichokuja kwa lori. Tangu tarehe kumi na tatu Januari ni mimi nimeandika kila neno, na barua zenu zote hizi hapa, sijapeleka hata moja. Nilisema haraka haraka, sikuvuta pumzi, nikakaa chini.

Stumai alikuwa wa kwanza. "Kwa hiyo ile barua yangu ya hajawahi kupendwa, uliisoma wewe?"

"Niliisoma."

Akafunika mdomo kwa kanga.

Mzee Gasto akasimama. "Na mkonge? Nimekufundisha mkonge wiki kumi nikidhani nafundisha serikali?"

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe."

"Hapa hakuna shikamoo," akasema, akachukua fimbo yake na kutoka.

Mwenyekiti alisema jambo hili atalifikisha kwenye kamati, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli sehemu ile ya Zakaria gerezani niliitunga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, sijui kwa kunilaumu au vipi.

Mama Simoni alibaki ameketi. Alisubiri kelele ziishe. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya siku zote, "Kwa hiyo Tanga hawakusikia."

"Hawakusikia, Mama."

"Hata mmoja."

"Ni sisi tu humu."

Alijifunga kanga vizuri, akainuka. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Nilitamani anipige. Kweli kabisa, nilitamani anipige.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna aliyekuja. Nilikaa ghalani mpaka saa kumi na mbili na chaki mkononi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mzee Gasto peke yake. Alikaa mbele kabisa, akakunja mikono. "Ndiyo maana ule mkonge ulikuwa mbaya," akasema. "Nilijua hakuna mtu wa serikali mjinga namna ile." Kisha akasubiri somo, nami nikalifundisha lote, nikimfundisha yeye mmoja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikuwa natwanga, Mama Simoni akaingia uani. Niliacha mchi, nikampigia goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimefuata barua zangu."

Nilimletea boksi lote. Alizitafuta mwenyewe, akazitoa moja moja, zile tano za maneno manne, halafu ile ndefu. Akaketi juu ya kinu changu, akaisoma ile ndefu kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alichukua muda mrefu. Sijui kama alikumbuka kwamba niko pale.

"Niliwaandikia watu wasionijua," akasema. "Nimeweka adabu nyingi. Simoni angeisoma angedhani ni karani." Akainamisha kichwa kidogo. "Nipe karatasi nyingine, mwalimu."

Aliniita mwalimu. Nilikwenda ndani kutafuta karatasi nikabaki humo muda, mpaka macho yakakauka.

Ameiandika hapohapo uani. Alinikataza nisisogee. Alipomaliza alinipa nisome kama herufi zinaeleweka:

"Simoni. Ni mimi mama yako naandika. Siyo padre. Tembe ilivunjwa, sikufa. Nipo kijijini, mstari wa tatu, ya nne kutoka ghala. Shuka Sepuka. Zakaria amerudi kwao, na wewe rudi. Kama huwezi kurudi andika. Nimejua kusoma."

Nikasema inaeleweka. Nikasema na nini tena, sikumbuki. Nilimuuliza tutaipeleka kambi gani, maana mashamba ya mkonge ni mengi na jina la lile la Simoni padre alilijua peke yake, naye amehamishwa. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo jepesi. "Gasto amefanya kazi kwenye yote," akasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Walikuja wote. Mama Simoni ndiye aliyewapitia, nyumba kwa nyumba, kama mtu anavyoita majirani kupalilia shamba lake. Na alileta mtungi wa togwa, kama inavyopasa ukiita watu kazini.

Mzee Gasto alikaa juu ya magunia akayataja mashamba ya mkonge, moja baada ya jingine, kuanzia bondeni hadi juu ya reli. Kila alipotaja moja alisema na jina la nyapara wa enzi zake, na kwamba sasa hakika amekufa. Nilihesabu, yakafika kumi na matano. Wanafunzi ni kumi na wanne. Mwenyekiti akavuta kiti na kusema hilo la kumi na tano ataandika yeye.

Niliiandika barua ya Mama Simoni ubaoni na kila mtu akainakili. Nimezoea kusikia ghala lile likiwa na zogo, leo nilisikia kalamu. Stumai alikosea mara tatu na mara tatu akaanza upya, hakutaka kufutafuta. Mwenye kumaliza alipeleka kwa Mama Simoni, naye akaisoma yote kwa sauti kabla ya kuikubali. Mbili alizirudisha. Mojawapo ilikuwa ya Mwenyekiti, kwa sababu aliongeza maneno juu ya kilimo cha kufa na kupona.

Nilisema na mimi ninakili moja. Mama Simoni akafikiri. "Wewe andika bahasha," akasema. Nimeandika bahasha kumi na tano.

Jumatano, 16 Aprili

Lori limezibeba. Safari hii kweli.

Jumamosi, 26 Aprili

Ndege wameshambulia uwele. Tuko shambani kutwa tunarusha mawe. Shangazi amenisamehe, ila kila nikisema jambo anauliza kama limetoka redioni.

Alhamisi, 8 Mei

Mawe ya redio yamefika dukani. Mwenyekiti alileta redio, tukasikiliza. Zakaria sasa ni dereva wa teksi mjini na hajamtaja mama yake. Baada ya dakika kumi Stumai akasema huyo siyo Zakaria, ni mtu mwingine wanamwita hivyo. Mzee Gasto akaizima. Wakaniuliza nina kurasa ngapi za wiki hii. Nikasema sina, naona haya. Wakasema haya siyo kazi yao, niandike.

Jumatano, 14 Mei

Barua tatu zimerudi. Hakuna mtu wa jina hilo. Mama Simoni alizipokea, akasema bado kumi na mbili.

Jumatano, 21 Mei

Mbili zaidi.

Jumatano, 28 Mei

Tulikuwa tunapura uwele, watu wengi kiwanjani, makapi yanapaa. Dereva wa lori akaita jina kutoka kwenye bahasha: Dorika. Siyo Mama Simoni. Dorika, mstari wa tatu, ya nne kutoka ghala.

Kila mtu aliacha kupura. Nilikimbia kwenda kumsomea, mazoea tu, nikamkuta ameshaifungua. Aliinua mkono nisimame. Basi nikasimama, na kiwanja kizima kikasimama, naye akasoma midomo ikicheza, sauti haitoki. Alisoma mara ya kwanza, akarudi juu akasoma tena. Halafu akakaa chini palepale kwenye makapi.

Stumai akauliza, "Mama, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Anakuja?"

Alinipa mimi ile karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku, zingine zimevuka mstari. Nilidhani ni za mtu wa darasa langu.

"Mama. Nimepata barua yako. Sikuandika kwa sababu mashine ya mkonge ilichukua vidole vya mkono wa kulia. Vyote. Sikutaka mtu aniandikie, ningeona haya. Sasa najifunza kwa kushoto. Nafagia kambi, sikati tena. Hapa tunasikiliza Zakaria na hajarudi kwao. Huyo aliyerudi ni yupi? Nitumieni nisome. Nataka kujua mama yake alimpokeaje. Simoni."

Nilisoma kwa sauti kwa sababu Mama Simoni alinipa ishara nisome. Nilipomaliza Mzee Gasto alikuwa amegeuka anatazama upande wa lambo.

"Mwandiko wake sasa ni kama wangu," Mama Simoni akasema. "Lile daftari lako, la Zakaria kurudi. Liko wapi?"

Alhamisi, 29 Mei

Nilimpelekea daftari leo asubuhi. Akanisomesha ule ukurasa wa mama kupiga kelele, kuanguka na kulia. Nikausoma, na masikio yalikuwa yananiwaka. Akanyoosha mkono, nikampa, akauchana ule ukurasa taratibu kufuata mshono, na ule uliofuata, akaniwekea mapajani.

"Nilikwambia urekebishe," akasema.

Akaandika yeye. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Nilimsaidia herufi mbili tu. Daftari tumelifunga kwa kamba na litaondoka na lori la Jumatano ijayo. Kabla ya kulifunga aliniruhusu ninakili alichoandika:

"Zakaria alifika mchana. Hakupotea njia. Mama yake alikuwa anapepeta uwele. Alimwona akiwa mbali akamjua kwa mwendo. Hakupiga kelele. Alisema, karibu ndani, kuna jua. Zakaria alikuwa ameficha mkono ndani ya koti. Mama akaleta maji ya kunawa. Akamnawisha mkono wa kushoto. Halafu akautoa na ule mwingine kwenye koti, akaunawisha. Hakuuliza kitu. Ugali ulikuwa wa moto. Wakala."